Sura ya Tano: Mbona Wenye Kayaki Hupita?

Mgeni ametoka Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu kuja kumtembelea ndugu yake anayeishi Maryland au Virginia. Washington ameshaizunguka, majumba ya makumbusho ameyachoka, na Jumamosi moja mwenyeji anamwambia, "Leo nakupeleka kwenye maporomoko ya Great Falls." Kutoka mjini ni mwendo mfupi tu wa gari, kiasi cha kilomita 22 kuufuata mto Potomac kwenda juu. Wanashuka, wanapita kwenye miti, na pale kwenye jukwaa la kutazamia mgeni anakutana na mambo mawili yasiyopatana. La kwanza ni bango linalosema kwamba kuogelea na hata kutembea ndani ya maji ni marufuku kisheria. La pili, mita chache mbele yake, ni mtu aliyekaa ndani ya kichombo cha plastiki, ana kasia mkononi, anateremka kutoka juu ya mwamba mpaka kwenye povu, anapotea kidogo, kisha anaibuka.

Ndipo linapokuja swali: "Mbona yule anapita katikati, na mimi nakatazwa hata kuchovya miguu?"

Swali hili ni la haki, na lisipojibiwa vizuri watu hufa. Wengi wanaozama Great Falls hawakuja kuogelea. Walikuja kutembea, kupiga picha na kula chakula cha mchana kwenye mawe. Wapo walioteleza, na wapo walioingia maji ya magotini kwa sababu kulikuwa na joto na maji yalionekana yametulia. Sura hii inaeleza kwa nini mahali pamoja pampitishe mmoja na pammeze mwingine, na namna ya kupatembelea bila kupaogopa kupita kiasi na bila kupadharau.

Ngazi za mwamba

Potomac huanzia kwenye milima ya West Virginia na kumwaga maji yake katika ghuba ya Chesapeake, safari ya zaidi ya kilomita 600. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni mto mpana, usio na haraka. Unapofika Great Falls mambo hubadilika. Katika umbali usiofika kilomita moja na nusu, mto hushuka mita 23.

Ukisikia mita 23 usiwaze ukuta mmoja wa maji kama ule wa Thomson's Falls kule Nyahururu. Hapa maji hushuka kwa ngazi. Kuna vidaraja vingi vya mwamba, kimoja kina kimo cha mtu, kingine kinafika mita sita hivi, na kati yake mna vidimbwi vinavyochemka povu na mifereji inayogawanyika na kukutana tena. Ngazi hizi ndizo zinazoleta wapiga picha, na ndizo zinazoleta wenye kayaki, kwa sababu ngazi humpa mtu mahali pa kupumua kabla ya kushuka tena.

Sababu ya ngazi ni ugumu wa mwamba. Miamba ya hapa ni ya kale mno, ilipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka ikawa migumu, lakini haina ugumu sawa kila mahali. Penye nyufa na penye mwamba laini mto umekula haraka. Penye mwamba mgumu umebaki ukihangaika. Wanajiolojia, yaani wanaosoma historia ya ardhi kwenye mawe, wanasema mto ulianza kuchimba korongo hili kwa nguvu yapata miaka 35,000 iliyopita. Wakati huo barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa umeshuka sana, na mto uliokuwa ukielekea bahari ya chini ukapata nguvu ya kuchimba.

Ushahidi unaukanyaga kwa miguu yako. Ukitembea juu ya majabali yaliyo mbali kabisa na maji, utakuta mashimo ya duara, laini ndani, mengine unaweza kutumbukiza mkono mzima. Yalichongwa na mawe madogo yaliyokuwa yakizungushwa na maji mahali pamoja kwa muda mrefu sana. Kwa maneno mengine, hapo unaposimama leo palikuwa sakafu ya mto. Kila ninapoyaona mashimo hayo napata heshima mpya kwa maji, kwa kuwa yaliutoboa mwamba huo kwa kurudia kazi ileile bila kuchoka.

Baada ya ngazi mto wote unaingia kwenye Mather Gorge, korongo lililopewa jina la Stephen Mather, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Juu ya maporomoko mto una upana wa karibu mita 300. Ndani ya korongo unabanwa mpaka kati ya mita 18 na 30. Ukiondoka na jambo moja tu kwenye sura hii, liwe hilo. Maji yaleyale yaliyokuwa na nafasi ya mita 300 sasa hayana pa kwenda ila chini, kwenye kina, na mbele, kwa kasi.

Washington alichagua kuzunguka

George Washington, kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na ndoto ya kuufanya Potomac njia ya biashara ya kuelekea magharibi. Mwaka 1785 kampuni iliundwa kwa kazi hiyo, naye akawa kiongozi wake. Great Falls ilikuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Wahandisi wake hawakujaribu kuyashinda maporomoko. Walichimba mfereji pembeni, upande wa Virginia, wenye malango matano ya maji. Lango la maji ni chumba chenye milango miwili: mashua huingia, maji hupunguzwa au kuongezwa, nayo hushuka au kupanda taratibu. Kazi ilifanywa na vibarua na watumwa, na sehemu ya mwisho ililazimika kupasuliwa kwenye jabali kwa baruti. Mfereji ulikamilika mwaka 1802, zaidi ya miaka miwili baada ya Washington kufa, na kampuni ikafikia mwisho wake mwaka 1828. Kuta za mawe bado zipo msituni, ukitembea unazipita.

Upande wa pili, Maryland, ukachimbwa mfereji mrefu zaidi, wa Chesapeake na Ohio, wenye zaidi ya kilomita 290 kutoka Georgetown hadi Cumberland. Njia ya udongo waliyopita nyumbu wakivuta mashua leo ni njia ya watembea kwa miguu na baiskeli.

Uzito wa mto

Turudi kwenye swali letu, tuanze na uzito, kwa sababu macho hayawezi kuupima.

Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Kwa wastani wa mwaka, Potomac karibu na Washington hupitisha zaidi ya mita za ujazo 300 kila sekunde. Yeyote aliyewahi kujitwika ndoo ya lita 20 anaujua uzito wake shingoni. Hapa zinapita ndoo 15,000 kila sekunde, mchana na usiku.

Juu ya uzito kuna kasi. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama vizuri kwenye maji ya magotini, akapiga hatua moja mbele mahali ambapo kasi ya mkondo ni mara mbili, akang'olewa hapo hapo. Hajafanya uzembe mkubwa. Amehama hatua moja, na nguvu iliyo miguuni mwake imekuwa mara nne.

Halafu mto haubaki ulivyo. Kwenye majukwaa ya upande wa Virginia kuna nguzo yenye alama za mafuriko, kila alama na mwaka wake: 1936, 1942, 1972, 1985, 1996. Nenda kasimame pale, kisha utazame chini, mbali, mahali mto ulipo siku hiyo. Ndipo uinue macho kuitafuta alama ya 1936, iliyo juu kuliko zote. Wageni wengi hudhani nguzo ile ni ya mapambo. La, maji yalifika pale. Katika mafuriko hayo mto ulipitisha karibu mita za ujazo 13,700 kwa sekunde, zaidi ya mara 40 ya wastani wake, na korongo lilijaa likashindwa kuyapitisha. Mwaka 1972 mvua za kimbunga Agnes zilibeba madaraja ya kwenda kisiwa cha Olmsted, upande wa Maryland, na watu walisubiri miaka 20 kabla ya kuvuka tena.

Si lazima mvua inyeshe hapo ulipo. Inaweza kunyesha jana West Virginia, na leo Great Falls kuna jua kali, familia zimetandika mikeka, na mto unapanda.

Kwa ufupi: uzito huuoni, kasi huongeza nguvu kuliko unavyodhani, na mto wa leo si lazima uwe mto wa wiki iliyopita.

Kinachotokea chini ya povu

Maji yanayoanguka kutoka kwenye kidaraja cha mwamba hayaendi mbele moja kwa moja. Hupiga mbizi mpaka chini, na nafasi yaliyoiacha juu hujazwa na maji yanayorudi nyuma kuelekea kwenye maporomoko yenyewe. Kitu kikinaswa hapo kinapelekwa chini, kinaibuka, kinarudishwa, kinapelekwa chini tena, sawa na punje ya maharage kwenye sufuria inayotokota. Wapiga kasia huyaita maji ya namna hii shimo, ingawa ukiyatazama kutoka juu huoni shimo lolote, unaona weupe tu.

Weupe huo nao una hatari yake. Povu ni maji yaliyochanganyika na hewa nyingi, na maji yenye hewa hayabebi mwili vizuri. Muogeleaji hodari wa ziwani au baharini amezoea kuelea. Ndani ya povu anazama zaidi ya alivyozoea, mikono yake inakata hewa na maji kwa pamoja, na kila akivuta pumzi anavuta matone.

Hatari ya tatu ndiyo ninayotamani kila mzazi aijue. Sakafu ya mto huu ni mawe yenye nyufa. Mtu aliyeangushwa na mkondo hujaribu kusimama, ni silika. Mguu unaingia kati ya mawe mawili na kukwama. Mkondo unaendelea kumsukuma mgongoni, mwili unalala mbele, na mguu haumruhusu kuinuka. Kina cha maji kinaweza kuwa cha kiunoni tu, naye akazama mbele ya watu wanaoweza kumwita kwa jina.

Anachokijua mwenye kayaki

Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, siku hizi wa plastiki ngumu, uliofunikwa juu isipokuwa tundu la kukalia. Mpiga kasia huvaa sketi ya mpira inayoziba tundu hilo ili maji yasiingie. Akipinduka hatoki, hutumia kasia na kiuno kujigeuza na kurudi juu, ujuzi unaofundishwa kwanza kwenye maji yaliyotulia.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejulikana kushuka Great Falls akabaki salama. Mwaka 1975 vijana watatu, Tom McEwan, Wick Walker na Dan Schnurrenberger, walifanya hivyo. Walikuwa wameujua mto huu kwa kuupiga kasia na kuuchunguza. Tangu hapo Potomac imekuwa shule ya wapiga kasia wa Marekani. Joe Jacobi, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992 Barcelona pamoja na Scott Strausbaugh, ni mtoto wa eneo hili.

Ukimtazama mtu wa namna hiyo akishuka unaona sekunde chache. Huoni yaliyotangulia:

- Amesoma kipimo cha kina cha maji kilichopo Little Falls, chini ya korongo, na anajua kwamba njia iliyofaa juzi inaweza kuwa mtego leo.
- Ametembea kwenye mawe na kuitazama njia yake yote, mfereji kwa mfereji, na amechagua mahali pa kupumzika nyuma ya kila jiwe kubwa.
- Ana helmeti, jaketi la kuokolea maisha, na wenzake wamesimama chini na kamba tayari.
- Anapita juu ya maji. Hakanyagi sakafu ya mto hata mara moja, kwa hiyo mto hauna mguu wa kuushika.

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Yeye na mtu anayetembea magotini ndani ya maji hawapo kwenye mto mmoja. Mmoja yuko juu ya mkondo ndani ya gamba linaloteleza na kudunda. Mwingine amesimama ndani yake, akiuzuia kwa miguu miwili.

Na bado si salama. Mwaka 2013, siku chache kabla ya mashindano ya kila mwaka ya kushuka maporomoko haya, mwanamke aliyekuwa stadi wa kayaki alipoteza maisha hapa hapa. Wenzake hawakusema mto ulimwonea. Wanajua wanachokubaliana nacho kila wanapoziba ile sketi, na nadhani hapo ndipo penye tofauti kubwa kati yao na sisi tunaotazama: mto umewashangaza mara nyingi, na hawausahau.

Panapodanganya

Ukiniuliza niogope wapi, sitakuonyesha penye povu. Kelele zake zenyewe hukurudisha nyuma. Nitakuonyesha chini zaidi, ndani ya korongo, ambapo maji ni ya kijani kibichi au ya hudhurungi, uso wake umelala, na mtu anaona mahali pazuri pa kuogelea. Hapo ndipo ule mto wa mita 300 umebanwa. Kina ni kirefu, mikondo ya chini inavuta upande tofauti na uso, na kuta za mwamba zimesimama wima pande zote mbili. Ukianguka, hakuna ufuko wa kufikia, na miamba iliyochimbwa kwa chini inaweza kukuvuta ndani yake. Majira ya kuchipua hewa huwa na joto na maji bado ni baridi kali, na baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, hata kama kichwa kiko chini ya maji.

Chini zaidi, karibu na mpaka wa mji, kuna tuta la zege lililovuka mto mzima, Brookmont. Kimo chake ni kidogo na maji hulipita kwa mstari ulionyooka, mzuri kutazama. Wapiga kasia waliobobea wanaliogopa kuliko maporomoko ya mwamba. Mwamba una nyufa na pembe zinazoruhusu maji kutoka. Tuta lililonyooka halina, na maji yanayorudi nyuma hayaachi mwanya wa kumtoa mtu.

Kanuni hizi hazina pasipoti. Karibu na Jinja, Uganda, mto Nile hugawanyika na kupita pande mbili za kisiwa, upande mmoja Kalagala, upande mwingine Itanda. Itanda ni moja ya sehemu zinazosifika duniani kwa kayaki, hasa baada ya maporomoko ya Bujagali kufunikwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012. Waongozaji wanaowashusha watalii kwa boti za mpira huifahamu Itanda vizuri, na kwa sababu hiyo wakifika sehemu yake kali zaidi hutoka majini, hubeba boti mabegani na kupita nchi kavu. Wageni wengine hulalamika kwamba wamenyimwa raha. Ningekuwa mzazi wa mmoja wao ningewashukuru waongozaji.

Ukienda

Pande mbili za mto ni hifadhi mbili, na hakuna daraja la kuvukia hapo. Kuhama upande mmoja kwenda mwingine ni safari ya gari. Kama una siku moja tu, mimi ningechagua Virginia. Kuna majukwaa matatu karibu karibu, mawili kati yake yanafikika kwa kiti cha magurudumu, na maporomoko yote yako mbele yako. Bibi yako anaweza kuona kila kitu bila kupanda jiwe hata moja. Njia ya kandokando ya korongo nayo inaanzia hapo.

Maryland kuna mambo mengine: njia ya nyumbu kando ya mfereji, madaraja ya kwenda kisiwa cha Olmsted, na njia maarufu ya Billy Goat, ambayo sehemu yake ya kwanza ina kilomita 2.7. Usidanganywe na ufupi wake. Mahali pengine utatumia mikono pamoja na miguu, na palipo na mawe yaliyolowa viatu vya kuvalia kanisani au sandali havifai. Beba maji ya kunywa ya kutosha. Wengi wanaoingia mtoni siku za joto huingia kwa sababu wamechoka na maji yao yamekwisha.

Watoto washikwe mkono popote pasipo na uzio. Simameni kwenye mawe makavu, mbali na ukingo, na picha ya kurudi nyuma hatua moja isipigwe kabisa.

Mwenzako akianguka, usimfuate majini, hata kama unaogelea vizuri. Mara nyingi mto huondoka na aliyekwenda kuokoa. Piga 911 mara moja, taja uko upande wa Virginia au wa Maryland, usimpoteze kwa macho, na umtupie chochote kinachoelea au chenye urefu: kamba, tawi, hata sanduku la barafu lililofungwa. Ukianguka wewe, usijaribu kusimama. Lala chali, miguu juu na mbele kuelekea maji yanakokwenda, mikono ikipiga maji kukusogeza pembeni, mpaka mgongo wako uguse sehemu ya kina kifupi.

Na wewe uliye mwenyeji, mgeni wako hajui haya. Mweleze garini, kabla hamjashuka.